Kuotesha miwaridi kwa vipandikizi: mwongozo kamili, kutoka tawi hadi mche wa kupanda bustanini

Kipandikizi cha mwaridi kikichipua majani mapya katika wiki ya pili, wengi hufurahi, wakakifunua na kukitoa juani. Siku chache baadaye majani yananyauka, shina linakuwa jeusi, na mtu anaamini kwamba hana mkono wa kupanda. Mkono hauna kosa. Majani yale hayakuletwa na mizizi. Tawi la mwaridi lina akiba ya chakula ndani ya shina, na macho yake huweza kuchipua kwa akiba hiyo hata kama chini hakuna mzizi hata mmoja. Mizizi huja nyuma, kwa kawaida kati ya wiki ya nne na ya nane, na muda huo wote tawi linapoteza maji kupitia majani bila njia ya kuyarudisha.

Kwa hiyo kazi nzima ni kulifanya tawi lisikauke wala lisioze mpaka litoe mizizi yake. Tawi ulilochagua, udongo, kifuniko, kivuli: vyote vinatumikia hilo. Ukilishika hili utaweza kubadilisha vifaa kulingana na ulichonacho nyumbani, na bado ukafanikiwa.

Anza na mwaridi unaofaa

Hapa ndipo ninapowaomba watu watulie kuliko popote. Mwaridi mama ukiwa wa aina inayotoa mizizi kwa urahisi, utafaulu hata bila dawa yoyote. Ukiwa wa aina inayogoma, hata dawa ghali itakusaidia kidogo tu.

Aina rahisi kuliko zote ni ile miwaridi ya zamani ya majumbani: ya waridi hafifu au nyekundu, yenye maua mengi madogo au ya wastani, yenye harufu, inayokaa pembeni mwa ua miaka nenda miaka rudi bila kupuliziwa dawa. Iko sababu. Miwaridi hiyo haikuuzwa dukani. Ilisambaa kwa tawi, mtu akimpa jirani na jirani akimpa mkwe wake. Aina zilizogoma kutoa mizizi hazikufika mbali kwa njia hiyo. Ukiuona mwaridi wa namna hiyo Lushoto, Limuru au uani kwa mtu Tanga mjini, jua umekwisha kupita mtihani. Miwaridi inayotambaa na ile midogo ya vyungu nayo hutoa mizizi kwa wepesi. Ile ya maua makubwa, ua moja juu ya bua refu, ni migumu zaidi, na mara nyingi ya njano ndiyo migumu kupita yote.

Vipi kuhusu mawaridi ya shada, yale ya sherehe au ya Siku ya Wapendanao? Watu huniuliza hili mara nyingi, na jibu langu ni kwamba usiyategemee. Mengi ya hayo hulimwa katika mashamba makubwa ya Naivasha, Thika au kando ya Arusha, ndani ya nyumba za plastiki. Bua limekatwa ua likiwa bado limefumba, likakaa kwenye baridi, likawekwa kwenye maji yenye dawa ya kulifanya ua lidumu, na mpaka likufikie limekwisha tumia sehemu kubwa ya akiba yake. Tena, kule shambani miche hiyo mara nyingi haisimami kwa mizizi yake yenyewe; hubebeshwa juu ya shina la aina nyingine yenye mizizi yenye nguvu, na nchini Kenya shina linalotumika sana ni Natal Briar. Hata bua likikubali kuota, utapata mche uliozoea kutunzwa chini ya plastiki, ukiwa umekosa ile mizizi ya kuazima. Ukitaka kujaribu, jaribu, lakini usiweke tumaini lako lote hapo.

Kuna na suala la sheria. Aina nyingi mpya za mawaridi ya biashara zinalindwa na haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea, na Kenya na Tanzania zote zina sheria za kulinda haki hizo. Kuzizalisha kwa ajili ya kuuza miche bila idhini ni kosa. Miwaridi ya zamani ya majumbani haina kikwazo hicho. Na usivuke mpaka na vipandikizi mkobani: kupeleka mmea hai nchi nyingine kunahitaji cheti cha afya ya mimea, kinachotolewa na mamlaka za afya ya mimea, KEPHIS kwa Kenya na TPHPA kwa Tanzania. Magonjwa ya mimea husafiri hivyo hivyo, kwa tawi moja la zawadi.

Kabla ya kuomba tawi, uangalie mmea wenyewe. Usichukue kwenye mwaridi wenye vinundu vigumu vya kahawia karibu na ardhi, maana hiyo ni saratani ya mimea inayoletwa na bakteria na itakufuata nyumbani. Usichukue kwenye wenye majani yenye michirizi ya njano iliyojichora kama ramani. Hicho ni kirusi na hakina dawa. Madoa meusi machache kwenye majani ya chini hayazuii kitu, kwa kuwa majani hayo utayaondoa.

Na kuomba kuna adabu yake. Mwaridi wa uani una mwenyewe, na mara nyingi ni bibi au mama aliyeupanda kwa mkono wake. Salimu kwanza, usifie ua, kisha useme: “Shikamoo bibi. Naomba, siku utakayopogoa mwaridi wako, uniwekee matawi mawili matatu.” Karibu kila mtu hukubali, kwa sababu yale matawi angeyatupa. Nawe unapata tawi lililokatwa wakati unaofaa. Akikwambia pia jina analouita, nani alimletea na kutoka wapi, liandike. Miwaridi hii haimo katika orodha ya muuzaji yeyote, na nyumba ya zamani ikivunjwa ili ijengwe mpya, mwaridi hung'olewa siku ya kwanza. Tawi ulilolichukua mwaka jana ndilo linalobaki.

Msimu

Ukanda wa pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, wakati mzuri ni mara tu masika yanapokatika: mwishoni mwa Mei, Juni na Julai. Jua si kali, upepo wa kusi unapoza, na ardhi bado ina unyevu. Wakati mbaya ni kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi mwanzoni, joto linapopita nyuzi 30 kila siku. Kipandikizi kilichofunikwa katika joto hilo huoza kabla hakijafikiria mizizi.

Milimani mambo hugeuka. Lushoto au Limuru, Juni na Julai ni baridi, na udongo wa baridi huchelewesha mizizi. Huko anza na mvua za vuli, Oktoba na Novemba, au mwanzoni mwa masika. Kipimo ni udongo wenye joto la nyuzi 20 hadi 25, na hewa isiyokauka.

Vifaa na udongo wa kuoteshea

Vifaa ni vichache: mkasi wa kupogolea au kisu kikali sana, vikopo vyenye matundu chini, chupa za plastiki za maji za lita moja na nusu au zaidi, mchanga, na kitu chepesi cha kushika unyevu. Mkasi usafishe kwa spiriti au maji yenye jiki kabla ya kuanza, na tena kila unapohama kutoka mwaridi mmoja kwenda mwingine. Mkasi butu hupondaponda shina, na penye jeraha la kupondeka ndipo uozo huanzia.

Udongo wa shamba peke yake haufai, wala samadi. Kipandikizi kisicho na mizizi hakili mbolea, na mbolea inayolala karibu na jeraha lake hulisha kuvu tu. Changanya nusu mchanga wa mto wenye chembe kubwa na nusu vumbi la makumbi ya nazi. Mchanga unaruhusu hewa, makumbi yanashika maji. Mchanga wa baharini usiutumie, hata ukiuosha, kwani ni vigumu kuutoa chumvi yote. Makumbi nayo yaangalie: yale yaliyofukiwa ufukweni ili yalainike kwa kusokotea kamba, kama wanavyofanya akina mama wa Paje na Jambiani, yamekunywa maji ya bahari. Yaloweke kwenye maji yasiyo na chumvi, uyabadilishe maji mara tatu nne kwa siku mbili, ndipo yatumike.

Ukiwa mbali na minazi, pumba za mpunga zilizounguzwa mpaka zikawa nyeusi, si jivu, zinafaa vizuri. Walio karibu na Naivasha wanapata pumisi, yale mawe mepesi ya volkano, ambayo yakisagwa yanashinda vyote kwa kupitisha hewa.

Mimina maji yanayochemka juu ya mchanganyiko wako, uache upoe kabisa. Hilo huua mayai ya wadudu na sehemu kubwa ya kuvu. Kisha shika konzi moja uikamue: yakitoka matone mawili matatu, unyevu unatosha. Yakichuruzika, ni maji mengi mno, uanike kidogo.

Kuchagua tawi na kulikata

Siku moja kabla, mwaridi mama umwagiliwe vizuri. Siku yenyewe ukate asubuhi mapema, kabla jua halijapanda, matawi yakiwa yamejaa maji.

Tawi unalolitaka ni lile ambalo ua lake limetoka kunyauka, petali zinaanguka. Kwa wakati huo tawi limekomaa kiasi cha kuwa na akiba, lakini halijawa kuni. Unene wake uwe kama wa penseli. Kuna njia ya kulipima kwa miiba: sukuma mwiba mmoja ubavuni kwa kidole gumba. Ukibanduka kwa mlio mdogo na kuacha kovu safi la kijani, tawi liko tayari. Ukipinda bila kubanduka, tawi ni changa mno, litanyauka. Ukigoma, au ukitoka na ganda, tawi limezeeka. Linaweza kuota, ila litachukua muda mrefu.

Kata tawi zima, ulitumbukize mara moja kwenye ndoo ya maji, uiweke ndoo kivulini. Kama unasafiri nalo, lifunge kwenye gazeti bichi au kitambaa chenye unyevu na uliweke mahali pa baridi. Hivyo litakaa siku moja, hata mbili, bila kuharibika. Lisiachwe juu ya dashibodi ya gari.

Ukishafika kwenye meza yako ya kazi, ondoa ua lililonyauka pamoja na sehemu nyembamba ya juu. Sehemu inayobaki igawe vipande vya sentimita 15 hadi 20, kila kimoja kikiwa na macho matatu au manne. Jicho ni kile kichomozo kidogo kilicho pale jani linaposhikana na shina, na mahali hapo huitwa kifundo. Chini kata kwa mshazari, chini kidogo tu ya kifundo, milimita tano hivi. Mizizi mingi hutokea kwenye kifundo au karibu nacho. Ukiacha kipande kirefu cha shina chini ya kifundo, kipande hicho huoza na kuupeleka uozo juu. Juu kata sentimita moja hivi juu ya jicho la mwisho. Kwa kuwa chini umekata kwa mshazari, juu kata sawasawa ili usije ukageuza kipande kichwa chini miguu juu wakati wa kupanda.

Njia nyingine, ninayoipenda zaidi pale inapowezekana, ni kuchukua kitawi cha pembeni kilichoota kwenye tawi kubwa, ukakivuta kwa kushusha chini ili kitoke na kipande kidogo cha ganda la tawi kubwa. Kipande hicho cha ganda, ukikisawazisha kwa kisu, hutoa mizizi kwa wepesi sana. Aina ngumu mara nyingi hukubali kwa njia hii zilipogoma kwa nyingine.

Sasa majani. Ondoa yote ya chini, uache moja au mawili ya juu. Jani la mwaridi lina vijani vitano au saba. Kata vya mbele, ubakize viwili au vitatu vya karibu na shina. Hapa watu hupotea njia mbili. Wapo wanaoacha majani yote, na kipandikizi kinakauka. Wapo wanaoondoa yote, wakidhani wanakipunguzia mzigo. Kumbe jani lililobaki ndilo linaloendelea kutengeneza chakula na kuteremsha kemikali asilia zinazoamsha mizizi. Acha jani dogo, lakini liache.

Mwisho, kwangua ganda upande mmoja wa chini, urefu wa sentimita mbili, mpaka uone utepe wa kijani-kijani cheupe. Usifike kwenye kiini. Jeraha hilo hupanua eneo ambalo mizizi inaweza kutokea. Miiba ya sehemu itakayoingia ardhini ibandue kwa upole.

Kata zaidi ya mahitaji yako. Ukitaka miche minne, andaa vipandikizi kumi.

Homoni, asali, shubiri na kiazi

Unga wa homoni ya mizizi unauzwa kwenye maduka ya pembejeo. Ndani yake kuna kemikali inayofanana na ile ambayo mmea hujitengenezea ili kuanzisha mizizi. Unasaidia kweli, hasa kwa aina ngumu: mizizi huja mapema kidogo na huwa mingi. Chovya ncha yenye unyevu kidogo, ukung'ute unga uliozidi, maana homoni nyingi huunguza shina. Usichovye ndani ya kopo lenyewe. Mimina kidogo kwenye kifuniko, na kilichobaki ukitupe.

Usipokuwa nao, usiahirishe kazi. Miwaridi mingi ya kienyeji huota bila chochote. Asali inazuia vijidudu kwenye jeraha, na hilo ni jema, lakini haianzishi mizizi. Utomvu wa mshubiri nao watu wengi huutumia, na hauna dhara. Mimi siuhesabu kama mbadala wa homoni. Kuhusu kiazi: zimesambaa picha za kipandikizi kilichochomekwa ndani ya kiazi mbatata na kufukiwa. Kiazi huoza ardhini, na uozo wake umegusana na jeraha la tawi. Kiazi ukile, mwaridi uuoteshe mchangani.

Kupanda na kufunika

Toboa shimo kwenye mchanganyiko kwa kijiti, usisukume kipandikizi chenyewe, la sivyo homoni yote itabaki juu na ganda litachubuka. Ingiza kiasi cha theluthi mbili hivi, angalau vifundo viwili viwe chini. Bonyeza kuzunguka shina ili kusiwe na uwazi wa hewa, kisha mwagilia taratibu mpaka maji yatoke chini. Majani ya vipandikizi jirani yasigusane.

Tia alama: jina la mwaridi na tarehe. Baada ya mwezi vipandikizi vyote hufanana.

Kifuniko ni chupa ya maji iliyokatwa kitako, ikachomekwa kwenye udongo wa kopo. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu Juni 1, 2019, Kenya tangu Agosti 28, 2017, na Rwanda ilitangulia wote mwaka 2008. Chupa zimebaki, na kwa kazi hii zinafaa kuliko mfuko kwa sababu zinasimama zenyewe na haziegemei jani. Zina na kizibo, na kizibo ndicho kitakachokuwa dirisha lako.

Weka makopo mahali penye mwanga mwingi lakini pasipopigwa na jua moja kwa moja: barazani upande wa kaskazini au kusini, chini ya mti wenye kivuli chepesi, au chini ya wavu wa kivuli. Jua likiifikia chupa hata kwa muda wa saa moja tu mchana, joto ndani hupanda upesi na kipandikizi hupikika. Giza nalo halifai. Jani bila mwanga halina kazi.

Wiki za kusubiri

Ndani ya wiki mbili za mwanzo jeraha la chini hufunga kwa uvimbe mweupe wa chembechembe changa. Huo bado si mzizi. Mizizi huchomoza baadaye, ikiwa myeupe na laini kama uzi, inakatika kwa kuguswa tu. Ndiyo maana kuchomoa kipandikizi “ili nione” ni kukiua. Ukitaka kuona, oteshea kimojawapo kwenye kikombe cha plastiki kinachoonyesha, ukizungushie karatasi nyeusi, na uifungue karatasi mara moja kwa wiki.

Kazi yako ya kila siku ni kutazama. Mvuke mwembamba na matone machache ndani ya chupa ni dalili njema. Chupa ikikauka kabisa, mwagilia. Maji yakichuruzika kuta zote mchana kutwa, fungua kizibo usiku mmoja. Kwa wengi kumwagilia mara moja kwa wiki hutosha chupa ikiwepo. Tumia maji ya mvua au ya bomba. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na kipandikizi hakiivumilii.

Jani uliloacha likigeuka njano na kudondoka, liondoe lisioze ndani, na usikate tamaa. Kwangua ganda kidogo kwa kucha sehemu ya juu: rangi ya kijani chini yake maana yake tawi li hai. Kinachokufa huanza kuwa cheusi, ama kutoka chini kupanda, kwa maji mengi au kisu kichafu, ama kutoka juu kushuka, kwa ukavu. Kilichoanza kuwa cheusi chini kitoe siku hiyohiyo pamoja na udongo wake. Ukiona unga mweupe juu ya majani, huo ni ubwiri unga: ongeza hewa, uliondoe jani lililoshikwa. Vidukari wakitua kwenye chipukizi, wafute kwa kidole chenye maji ya sabuni.

Kipandikizi kikitoa tumba la ua ndani ya chupa, likate. Inauma, lakini ua lile linakula akiba ya mizizi.

Kuanzia wiki ya tano, shika shina kwa vidole viwili ulivute kidogo mno. Likikushikilia, mizizi ipo. Alama nzuri zaidi ni chipukizi jipya lenye majani yaliyokomaa, yaliyobaki wima baada ya kizibo kufunguliwa kwa siku nzima. Mizizi ikichungulia kwenye matundu ya chini, hakuna tena la kuuliza.

Kuzoesha na kuhamishia kwenye kiriba

Mche uliolelewa chini ya chupa una majani laini ambayo hayajui upepo. Fungua kizibo siku tatu. Kisha inua chupa saa chache asubuhi na jioni, ukizidisha kila siku, mpaka baada ya wiki moja hadi siku kumi uiondoe kabisa. Mche ukilegea, rudisha chupa ile jioni na uanze upya taratibu.

Uache wiki nyingine mbili bila kifuniko, ndipo uuhamishie kwenye kiriba, yaani mfuko wa kuoteshea miche, au kopo la lita mbili au tatu. Udongo sasa uwe na chakula: sehemu mbili za udongo mzuri wa juu, moja ya mboji au samadi iliyooza kabisa, moja ya mchanga. Geuza kopo ukilishikilia shina kati ya vidole, utoe bonge zima bila kulipukutisha. Panda kwa kina kilekile, mwagilia, weka kivulini wiki moja, kisha uanze kuupa jua la asubuhi.

Mbolea ianze wiki tatu hivi baada ya hapo, nayo iwe nyepesi: maji ya samadi iliyolowekwa, yakachujwa na kuzimuliwa mara kumi, kila baada ya wiki mbili. Matumba ya maua ya miezi ya mwanzo yakate yote. Mche unaoachwa kuchanua ukiwa na vitawi viwili hubaki mwembamba muda mrefu.

Aina inayogoma

Upo mwaridi utakaougongea mlango mara kwa mara ukakukatalia. Kwa huo usikate tawi, lilaze. Chagua tawi refu linalopinda, lichane upande wa chini karibu na kifundo, chomeka kijiti kidogo kuacha jeraha wazi, ulifukie sehemu hiyo sentimita kumi ardhini na kulibana kwa jiwe, ncha ikibaki nje. Tawi linaendelea kunyonyeshwa na mama yake huku likitoa mizizi. Baada ya miezi miwili au mitatu, wakati mwingine zaidi, unalikata na kulihamisha. Ni njia ya polepole, na kwa miwaridi inayotambaa haina mpinzani.

Bustanini

Mche ukijaza kiriba kwa mizizi, kwa kawaida miezi mitatu hadi minne baadaye, mvua zinapoanza, uupande. Mwaridi unataka kupata jua kwa muda wa saa sita kila siku. Chimba shimo la sentimita 40 kila upande, changanya udongo na debe moja la samadi iliyooza, acha sentimita 60 hadi 90 kati ya mmea na mmea.

Kwa sisi wa pwani, udongo wa matumbawe una chokaa nyingi, na mwaridi unapenda udongo wenye uchachu kidogo, pH 6 hadi 6.5. Majani machanga yakiwa njano huku mishipa ikibaki kijani, chokaa imeuzuia mmea kupata madini ya chuma. Chimba shimo kubwa zaidi, ujaze udongo mwekundu na mboji nyingi, na urudie mboji kila msimu. Pale ambapo mwamba uko karibu sana, chungu kikubwa kitakusumbua kidogo kuliko ardhi. Tandaza majani makavu juu ya udongo, lakini yasiguse shina, na uangalie mchwa.

Mwagilia chini, asubuhi, si juu ya majani: kuvu ya madoa meusi inahitaji jani libaki bichi kwa saa kadhaa ili iingie. Majani yenye madoa yaokote uyachome, usiyatie kwenye mboji.

Miche iliyobebeshwa hutusumbua kwa machipukizi ya shina la chini, yanayouzidi nguvu mwaridi wenyewe ukaishia na mmea usioujua. Wako hauna hilo. Umesimama kwa mizizi yake, na chochote kitakachochipua kutoka ardhini ni mwaridi uleule. Ukikatwa na mbuzi au ng'ombe mpaka chini, utarudi ulivyokuwa.

Mwaka wa kwanza usikate matawi kutoka kwenye mche huu kwa ajili ya vipandikizi, uache ujaze. Mwaka wa pili, ukipogoa baada ya maua ya masika, utakuwa na matawi ya kutosha kuanzisha mingine. Miche miwili ya kwanza ya aina adimu usiipande mahali pamoja: mmoja ubaki kwako, mwingine umpelekee yule aliyekupa tawi, au jirani aliye mitaa miwili mbali.